Swichi haikutakiwa kukaa katikati

Wadau, nimekuwa kimya hapa kijiweni, testi zilibana na kuna esei moja ilinitoa jasho. Leo narudi na mada ambayo najua watu wa historia wenzangu watasema nimepotea njia: swichi ya taa. Ndiyo, hiyo hiyo ya ukutani karibu na mlango, pamoja na ndugu yake anayeitwa dima, ile ya kuzungusha inayopunguza mwanga taratibu kama kwenye kumbi za harusi.

Chanzo ni jamaa yangu mmoja aliyepanga geto huko mtaani. Kanunua dima Kariakoo, anataka kutoa swichi ya kawaida aweke hiyo. Kauli yake ilikuwa: "Ni waya mbili tu, kuna nini hapo?" Na kweli, kwa macho ni waya mbili tu. Mimi sisomi umeme, lakini nikaanza kufukua hii kitu ilitoka wapi, na kumbe kila sentensi kwenye kile kikaratasi cha maelekezo kinachokuja na boksi (kile tunachokitupa) ina historia yake, na nyingine zina makaburi yake. Nikaona niwaandikie, maana naamini mtu akijua jambo lilivyoanza hahitaji kulikariri.

Tuanzie mbali kidogo. Watu walitaka kupunguza mwanga kabla ya umeme kuwepo, na waliotaka zaidi ni watu wa maigizo. Jua linazama kwenye mchezo, mzimu unatokea, usiku unaingia, utafanyaje na mishumaa? Mwitaliano Nicola Sabbattini, kwenye kitabu chake cha 1638 kuhusu mitambo ya jukwaani, alieleza ujanja wake: unatundika vikopo vya bati juu ya mishumaa kwa kamba, ukitaka giza unavishusha vifunike, ukitaka mwanga unavivuta juu. Hiyo ndo dima. Mshumaa unaendelea kuwaka vilevile, nta inaisha vilevile, wewe umeficha mwanga tu. Hili la kuficha badala ya kupunguza likumbukeni, litarudi.

Karne ya 19 ikaja gesi. Kumbi kubwa za London, Drury Lane na Covent Garden, zilianza kuitumia 1817. Hapo kwa mara ya kwanza mtu mmoja alikaa sehemu moja na kuongoza mwanga wa jukwaa zima kwa kufungua na kufunga valvu. Na gesi ilikuwa inapungua kweli, sio kufichwa. Ilikuwa dima nzuri sana kusema ukweli. Tatizo ni kwamba ilikuwa moto wa wazi katikati ya mapazia, kamba na mbao zilizopakwa rangi.

Tarehe 8 Desemba 1881, kwenye ukumbi wa Ringtheater, Vienna, gesi ilishika moto wakati taa za jukwaani zinawashwa, watu wakiwa wanaingia kukaa. Walikufa zaidi ya 380. Mei 1887 ukaungua ukumbi wa Opéra-Comique wa Paris, na Septemba mwaka huohuo ukaungua Theatre Royal wa Exeter, Uingereza, ambako walikufa watu 186. Kote huko chanzo ni moto wa taa za gesi kugusa mapambo ya jukwaani. Yaani ule mwanga waliokuja kuutazama ndo uliowaua.

Sasa angalieni tarehe hizi. Siku 20 tu baada ya ule moto wa Vienna, tarehe 28 Desemba 1881, ukumbi wa Savoy wa London uliwasha jukwaa lake kwa umeme. Ulikuwa umefunguliwa Oktoba mwaka huo, upande wa watazamaji ukiwa tayari na taa za umeme, lakini jenereta ya kwanza haikutosha hadi jukwaani. Taa zilikuwa kama 1,200, za Joseph Swan. Mwenye ukumbi, Richard D'Oyly Carte, alitoka mbele ya watu akiwa na balbu inayowaka, akaivunja. Haikuwaka moto. Kwa watu wa mwezi ule, nadhani ile balbu ilikuwa kubwa kuliko mchezo wenyewe.

Na Savoy walikuwa na dima pia. Njia waliyotumia ndiyo njia ya kwanza ya umeme: kuongeza ukinzani. Ukinzani ni kitu kinachozuia umeme usipite kwa urahisi, mfano waya mrefu mwembamba. Ukiongeza ukinzani kwenye njia, taa inafifia. Rahisi. Swali ambalo kila fundi wa jukwaa alikutana nalo baadaye ni hili: ule umeme ambao haukufika kwenye taa umeenda wapi? Jibu: umekuwa joto, palepale kwenye dima.

Tufanye hesabu ya kitoto. Una taa za wati 1,000. Unaweka dima yenye ukinzani sawa na wa hizo taa (tuchukulie ukinzani wa taa haubadiliki, japo kwa kweli hubadilika zikipoa). Voltiji inagawanyika nusu kwa nusu, taa zinapata robo ya nguvu, wati 250, na dima nayo inakula wati 250. Hizo ni kama pasi ndogo ya nguo, imewekwa sehemu moja, kwa saa nzima ya mchezo. Zidisha kwa safu zote za taa za jukwaa. Ndo maana dima za zamani zilikuwa mibuyu ya chuma inayojaza chumba kizima.

Kuna nyingine ilitumia maji ya chumvi, na hii naipenda kupita zote. Unachukua mtungi wa udongo, unajaza maji yenye chumvi, chini unaweka bamba la chuma, juu unaning'iniza lingine kwa kamba. Ukilishusha bamba la juu karibu na la chini taa zinang'aa, ukilivuta zinafifia. Maji yanapata moto, yanachemka, yanapungua, inabidi mtu awe anaongeza maji huku mchezo unaendelea. Sasa hebu mfikirie huyo kijana wa kuongeza maji: gizani, sakafu imelowa, mtungi una umeme. Na tulilalamikia hosteli!

Marekani, mwaka 1896, mhandisi mweusi Granville Woods alipata hataza ya mfumo wa kuongoza umeme wa taa za maigizo, lengo likiwa kuepuka huo upotevu na joto. Woods alizaliwa 1856, akafa 1910, na hataza zake nyingi zinahusu reli na telegrafu, kwa hiyo hii ya taa mara nyingi haitajwi. Naitaja makusudi, kwa sababu inaonyesha kuwa mapema hivyo tayari watu walijua adui ni nani. Adui ni joto la katikati.

Neno "katikati" ndo moyo wa habari yote hii, kwa hiyo nirudi kwenye swichi ya kawaida.

Mwaka 1882 chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme cha London kilitoa kanuni za kwanza za kuzuia moto unaotokana na taa za umeme. Ni mababu wa vitabu vya kanuni ambavyo mafundi wa Uingereza wanatumia mpaka leo. Ndani yake kuna kanuni kuhusu swichi: lazima itengenezwe hivi kwamba isiweze kubaki katikati ya kuwaka na kuzima, wala isiache cheche ya kudumu au joto. Nilipoisoma nikacheka, kwa sababu dima ni nini kama sio swichi inayokaa katikati?

Walikuwa na sababu nzito. Swichi iliyofungwa vizuri haina joto, maana umeme unapita bila kupambana. Swichi iliyo wazi kabisa nayo haina joto, maana hakuna kinachopita. Hatari ipo pale vyuma viwili vinapogusana kidogo tu, au vimeachana kwa unywele. Hapo umeme unapita na wakati huohuo unapambana, na mapambano hayo ni joto. Vikiachana polepole cheche inaruka na inaweza kung'ang'ania, hasa kwa umeme wa mkondo mmoja wa enzi zile, ambao haukatiki hata sekunde. Chuma kinayeyuka, mbao ya swichi inashika moto.

Mwaka 1884 huko Newcastle, John Henry Holmes alipata dawa: spring. Wewe unasukuma kitasa polepole unavyotaka, lakini ndani spring inajikusanya halafu inaruka ghafla, vyuma vinaachana kwa kasi kabla cheche haijakomaa. Ile "tak!" unayoisikia ukizima taa kabla ya kulala ni ya Holmes. Kwa hiyo kama una swichi ambayo siku hizi haisemi tak, inalegea, inasimama katikati, au inatoa mlio kama wa kukaanga, hiyo imerudi kabla ya 1884. Badilisha hiyo kwanza kabla hujafikiria urembo wa dima.

Na wala msifikiri umeme ulimaliza vifo. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi mpya wa Iroquois wa Chicago uliungua, wakafa watu zaidi ya 600, wengi wao wanawake na watoto waliokuja kwenye onyesho la mchana. Chanzo ilikuwa taa kubwa ya umeme ya jukwaani, cheche ikagusa pazia. Ile balbu ya Carte ilionyesha kuwa balbu ni salama. Haikuonyesha kuwa umeme ni salama. Hivi ni vitu viwili, na naona mpaka leo tunavichanganya.

Basi kwa miaka mingi dima ikabaki kitu cha kumbi kubwa. Ukinzani, baadaye transfoma za kuzungusha ambazo hazipotezi joto jingi ila nzito kama jiwe la kusagia, halafu mirija ya kielektroniki (George Izenour wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha mfumo wake mwaka 1947). Hakuna hata kimoja ambacho ungekiweka kwenye kale kakasha ka ukutani nyuma ya swichi. Mlango ulifunguliwa na kampuni ya General Electric mwaka 1957 ilipotoa thairista, kipande cha semikondakta chenye tabia ya ajabu: kinafungulia umeme kikipewa ishara ndogo, halafu kinabaki kimefunguka mpaka umeme wenyewe ukatike.

Miaka miwili baadaye, 1959, Joel Spira, kijana wa fizikia aliyesoma Purdue, alibuni dima ndogo ya kutosha kasha la kawaida la ukutani. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth wakaanzisha kampuni ya Lutron huko Pennsylvania. Kuanzia miaka hiyo ya 1960 thairista, na mdogo wake triaki (anayefanya kazi pande zote mbili za umeme), ndo wakatawala dima za majumbani. Hiyo ya jamaa yangu kutoka Kariakoo, ukiifungua, karibu hakika utamkuta triaki ndani, kapasita, na koili ya shaba.

Sasa utamu uko hapa. Triaki inafanyaje kukaa katikati bila kuungua? Jibu: haikai katikati. Kamwe. Umeme wa kwetu ni wa hezi 50, maana yake unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila sekunde unapita sifuri mara 100. Kila unapopita sifuri, triaki inajifunga yenyewe. Dima inasubiri kidogo, kisha inaifungua. Ukitaka mwanga mwingi inasubiri kidogo sana. Ukitaka mwanga hafifu inasubiri mpaka wimbi linakaribia kuisha ndo inafungua. Kitufe unachozungusha kinabadilisha muda wa kusubiri tu. Ni swichi ya Holmes, tak-tak-tak mara 100 kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho linaona wastani. Kanuni ya 1882 haikuvunjwa! Walikataza kukaa katikati, na miaka zaidi ya 75 baadaye jibu likawa: sawa, hatukai, tunapita.

Tena ni vikopo vya Sabbattini vilevile, ila safari hii mshumaa kweli unazimika kikopo kikishuka.

Ukilielewa hilo, kikaratasi cha kwenye boksi kinajisoma chenyewe. Mfano kinasema wati 400 mwisho. Kwa nini, kama hakuna joto? Kwa sababu triaki sio kamili. Ikiwa imefunguka inabakiza kama volti 1 hivi. Zikipita ampea 2 hiyo ni wati 2 za joto, kwenye kitu kidogo kama kucha, ndani ya ukuta. Ndo maana dima nzuri ikifanya kazi unaisikia vuguvugu kwa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ya moto hapana. Na ndo maana ukipanga dima tatu kwenye bamba moja kila moja inatakiwa ibebe kidogo kuliko ikiwa peke yake, zinapashana moto.

Au kinasema isitumike kwa feni. Wengi hili hatulielewi kwa sababu majumbani mwetu kuna regyuleta ya feni ukutani na inafanana na dima. Zile kubwa za zamani zenye namba 1 mpaka 5 ni ukinzani au koili, babu zake ni wale wa Savoy. Zile ndogo za kisasa nyingi ni triaki, lakini zimetengenezwa kwa mota. Dima ya taa ukiifungia feni, mota inanguruma, inapata moto, na dima inaweza kufa. Vilevile usiiweke kuongoza soketi, maana kesho mtu atachomeka redio, keshokutwa chaja.

Na sola? Wenye mifumo ya volti 12 ya moja kwa moja kutoka kwenye betri, dima ya aina hii haifai kabisa. Umeme ule haupiti sifuri. Triaki ikishafunguka haina wa kuifunga.

Tuje kwenye zile waya mbili. Hapa niombe mnisome taratibu, maana hapa ndo jamaa yangu angeumia.

Dar es Salaam ilipata umeme wa umma 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wao. Ila mazoea ya wayaringi tuliyonayo ni ya Mwingereza aliyekuja baada ya Vita ya Kwanza. Soketi zetu za pini tatu bapa ni za kiwango chake cha 1947, na rangi za waya zilikuwa zake: nyekundu ndo laivu, nyeusi ndo nyutro. Uingereza yenyewe ilibadilisha. Kuanzia 2004 iliruhusu rangi za Ulaya, na kuanzia Aprili 2006 kazi zote mpya zikatakiwa kuwa na kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro. Kwetu unaweza kukuta nyumba moja, chumba cha zamani nyekundu na nyeusi, chumba kilichoongezwa kahawia na bluu.

Jamaa yangu alijua hivyo, kwa hiyo alisema: nyeusi ni nyutro, hiyo haina shida, nitaishika. HAPANA. Kwenye swichi ya kawaida ya taa hakuna nyutro. Nyutro imeenda moja kwa moja kwenye taa. Waya mbili za kwenye swichi ni laivu inayokuja na laivu inayorudi kwenye taa, na fundi alivuta nyeusi kwa sababu ndo ilikuwa pacha wa nyekundu kwenye waya aliokuwa nao. Swichi ikiwa imewashwa hiyo nyeusi ina volti 230 kama mwenzake. Fundi makini huizungushia utepe mwekundu kuonyesha. Mafundi makini sio wote.

Kuna ubaya mwingine wa kimyakimya: nyumba ambazo aliyefunga alikata nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Taa inawaka na kuzima kama kawaida, hakuna anayejua. Lakini ukiizima, laivu iko pale kwenye holda inakusubiri siku ya kubadilisha globu. Rangi haikwambii hili. Testa ndo inakwambia.

Kwa hiyo kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza, kisheria Tanzania ufungaji wa umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na kwenye nyumba ya kupanga ongea na mwenye nyumba kabla hujagusa ukuta wake. Nawaandikia haya ili mjue fundi anatakiwa afanye nini na mumwangalie akifanya. Anazima swichi kuu, sio ya chumbani. Kama kuna sakiti breka anashusha na kuweka alama au kumwachia mtu alinde, maana nyumba za kupanga kuna jirani atakayetoka akute giza na kupandisha. Anachukua testa, anaijaribu kwanza sehemu anayojua ina umeme kuona kama testa ni nzima, kisha anajaribu waya zote za kwenye swichi, kila moja, halafu anairudisha testa kwenye ile sehemu ya kwanza kuona kama haijafa katikati. Utasema ni kujizungusha. Testa iliyokufa inasema "hamna umeme" kwa sauti ileile ya testa nzima.

Na tafadhali, umeme wa mtaa ukikatika sio nafasi ya kufanya kazi ya umeme. Nimesikia watu wakisema "leo mgao, ngoja nibadilishe ile swichi." Mgao hauko mikononi mwako, na unaporudi haupigi hodi. Zima swichi kuu hata kama hakuna umeme.

Baada ya hapo kazi ni fupi. Angalia waya zilikuwa zimekaa wapi, piga picha na simu. Kama swichi ina skrubu mbili ni rahisi, laivu inaenda palipoandikwa L na ya kwenda taa panapobaki. Kama ina tatu, ni ile ya ngazi au korido inayowashwa sehemu mbili, na hapo inatakiwa dima inayosema ni ya njia mbili, moja tu, upande wa pili ubaki swichi ya kawaida. Bamba likiwa la chuma lazima waya wa ethi wa kijani na njano uunganishwe. Kama ukutani hakuna ethi, nunua bamba la plastiki. Skrubu zikazwe mpaka waya usicheze. Waya uliolegea ni ile "katikati" ya 1882, imerudi nyumbani kwako. Na kasha liwe na kina, usisukume dima kwa kidole gumba mpaka waya zivunjike migongo.

Kisha globu, na hapa ndo dima ya jamaa yangu ilipoishia. Dima za miaka ile zilitengenezewa globu za uzi, zile za wati 60 zinazotoa joto. Uzi hauna neno, unapokea umeme uliokatwakatwa na unawaka. Taa za tyubu na enaji seva za kawaida zina vifaa ndani ambavyo havitaki kukatwakatwa, zinapepesa na zinaweza kuungua. Taa za LED zipo zinazokubali na zisizokubali, na lazima boksi liseme. Halafu kuna suala la uchache: dima ya zamani imeandikwa wati 60 mpaka 400, na yeye ana LED nne za wati 9, jumla 36. Hazifiki hata kiwango cha chini. Zingepepesa kama disko. Kwa LED zinatengenezwa dima nyingine, nyingi zikikata mwisho wa wimbi badala ya mwanzo, na hutumia transista badala ya triaki.

Jambo moja zaidi wengi hawalijui: dima nyingi, hata ukizima, huwa zinavujisha umeme kidogo sana kupitia vifaa vyake vya ndani, hasa zile za kubonyeza zisizo na tak. Ndo maana LED nyingine hubaki zinamulika kwa mbali usiku. Kuzima dima sio kukata umeme. Globu ikibadilishwa, zima swichi kuu.

Mwishowe jamaa karudisha ile dima dukani, wakambadilishia kwa holda mbili na kumwongezea maneno. Na historia nayo inaelekea huko. Siku hizi zipo LED zinazojipunguza zenyewe, zikijiwasha na kujizima ndani kwa ndani maelfu ya mara kwa sekunde, unaziongoza kwa rimoti au simu. Hizo ukiziwekea dima ukutani zinachanganyikiwa, zinataka swichi ya kawaida. Ile ya Holmes.